Mtoto Asiyesumbua

Watu wa Ilula wakitaka kunichokoza mpaka leo wananiuliza, "Mwalimu, lile jeneza lako bado lipo?" Nawajibu lipo, na wakiendelea kunizingua nitawalaza humo mmoja mmoja. Wanacheka, nami nacheka nao, lakini nikishageuka sicheki tena. Siyo jeneza. Ni ubao wa kupimia watoto urefu, uko stoo ya chekechea yetu nyuma ya madumu ya maji, na mimi ndiye niliyekataa usipasuliwe kuni.

Mimi ni mtu wa Mbeya, Mnyakyusa wa Tukuyu, nimeolewa huku kwa Wahehe. Mume wangu anasema mdomo wangu ulishuka kwenye basi kabla yangu. Nafundisha chekechea ya kanisa kando ya barabara kuu, hapo ambapo mabasi yanasimama abiria wanunue nyanya na vitunguu kupitia madirishani. Nikisema nafundisha, msidhani ni kuimba a-e-i-o-u peke yake. Tunaosha mikono, tunakagua masikio na kucha, tunapika uji wa saa nne, na mtoto asipoonekana tunakwenda kwao kuuliza kulikoni.

Halafu kuna chumba cha wadogo. Huwezi kukimbilia dirisha la basi na beseni la nyanya kichwani huku una mtoto mgongoni. Zamani wengine walikuwa wanawaweka watoto ndani ya tenga tupu pale pale kando ya lami, lori likipita wanafunikwa vumbi zito. Kanisa likatoa chumba kimoja, tukatandika mikeka na magodoro, mama akienda barabarani anatuachia mtoto, maziwa yakimjaa anakuja kunyonyesha. Kwa hiyo mimi niliyesomea watoto wa miaka mitatu na kuendelea nikajikuta nabembeleza vichanga, na sikulalamika, maana vichanga nawapenda.

Yule mtoto aliletwa wakati wa kipupwe, baridi ile ya Juni inayouma mpaka kwenye meno. Mama yake alikuwa binti mdogo, mwembamba, mwenye mbio kuliko wauzaji wote. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliyebanwa kifua wakati wa mvua. Huyu wa pili, wa kike, alinikabidhi kwa shida. Alitoka mlangoni akarudi, akatoka tena akarudi, mpaka nikamwambia, "Mdogo wangu, nenda, basi linakuacha."

"Hasumbui, mwalimu," aliniambia. "Ukimlaza analala. Mpaka wewe mwenyewe umwamshe."

Na kweli hakusumbua. Wenzake wakilia njaa, yeye ametulia. Wenzake wakililia kubebwa, yeye anaangalia dari. Alikuwa na mashavu yaliyojaa, mikono minene, na ulimi uliochungulia kidogo nje ya midomo, tukawa tunaona ni urembo wa kitoto. Akilia, mara chache hizo, sauti ilikuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Bibi yake mzaa baba alipokuja kumchukua jioni alikuwa anampakata na kusema, "Hii mtoto imetulia, jamani. Hii Mungu ametufuta machozi." Sisi walezi wote tulimsifu. Akina mama wengine walikuwa wanawaambia watoto wao, "Ona mwenzako, hasumbui."

Bibi huyo alikuwa amemfumia sweta la njano, mikono mirefu, akaikunja mara mbili ili mtoto akue nalo. Kipupwe kikapita, jua la Oktoba likapita, mvua za kwanza zikaanza kunyesha. Asubuhi moja yenye manyunyu nilikuwa namvalisha lile sweta, nikashika ule mkunjo wa mkono, nikajikuta nimesimama tu. Mkunjo ulikuwa pale pale. Nikageuka kuwatazama wale walioletwa pamoja naye. Mmoja alikuwa anatambaa kuelekea kwenye ndoo ya maji, mwingine amesimama ameshika dirisha. Wa kwangu alikuwa amelala chali, mikono yake ya baridi hata ukiifunika vipi, kitovu kimemchomoza, macho juu ya dari. 

Kila mwezi nesi wa zahanati huja kwetu na mzani siku ya kliniki. Nilimvuta pembeni nikamwonyesha. Akampima uzito: sawa. Akamzungushia mkononi utepe wa kupimia utapiamlo: kijani, yaani hana. Akamtazama tena yule mtoto, halafu akaniambia, "Mwalimu, na mimi simwelewi huyu. Amenona lakini hakui. Wanene wa namna hii ndio wanaotudanganya. Ningempima urefu, tena na tena, ndiyo tungejua."

"Si umpime sasa?"

"Ubao wenyewe uko wapi? Tunao mmoja vijiji vyote hivi, leo uko mlimani huko, na mvua hii."

"Basi mwandikie aende hospitali."

"Namwandikia sasa hivi. Ila nikuulize, mama huyo na bibi wa mtoto watakwenda? Mtoto hana homa, haharishi, hatapiki, amenona. Wataniona mwehu."

Aliandika rufaa, na kweli hawakwenda. Bibi alinisalimia kwa Kihehe, akanijibu kwa heshima kabisa, "Kamwene mwalimu, tumesikia. Akiumwa tutampeleka." Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamkemea mume wangu bila kosa.

Kwa hiyo tukaamua tuwe na ubao wetu wenyewe. Kamati ya wazazi ikamwomba fundi seremala aliyeko upande wetu wa barabara, mzee mpole, anatengeneza vitanda, milango, madawati, na watu wakifiwa anatengeneza majeneza. Nesi akamwonyesha ule wa zahanati: ubao mrefu wa kumlazia mtoto, kibao kimesimama upande wa kichwa, kingine cha kusogezwa mpaka kikutane na nyayo. Fundi akapima, akaitikia, akaenda zake.

Yule mzee alifanya kazi kwa upendo wote aliokuwa nao. Alichagua paini safi isiyo na macho. Akaona ubao wa zahanati una kasoro, mtoto anaweza kubingirika akadondoka, akaongeza kingo pembeni, huku na huku. Akaona kitu cha kanisa hakifai kukaa kikavu, akakipaka vanishi, ile ile aliyokuwa nayo kwenye kopo. Mvua ilikuwa imeacha matope njiani, na hakutaka kazi yake ichafuke, kwa hiyo akaifunika shuka jeupe, akaifunga kwenye baiskeli, akaanza kuikokota taratibu kandokando ya lami kuja chekechea. Ilikuwa asubuhi, wauzaji wote wako barabarani.

Hebu fikirini mlikuwa mmesimama pale na beseni lenu. Mtoto wako yuko chekechea. Unamwona fundi wa majeneza anakokota baiskeli, kitu kifupi cha mbao juu yake, shuka jeupe, anaelekea chekechea, na kwa adabu zake hata salamu anaitikia kwa kuinamisha kichwa.

Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nikasikia kwanza mayowe, nikadhani basi limegonga mtu. Nikatoka. Kina mama walikuwa wanakuja mbio wameinua madera mpaka magotini, wengine miguu mitupu, wanalia na kuuliza, "Nani? Ni wa nani? Mwalimu, ni wa nani?" Mmoja alianguka getini. Mabeseni yalibaki barabarani, nyanya zimetapakaa, na dereva mmoja alisimamisha lori asizikanyage. Watoto wetu waliposikia mama zao wanalia na wao wakaangua kilio, chekechea nzima.

Yule binti ndiye aliyefika kwanza. Hakuuliza kitu. Alinipita, akaingia chumba cha wadogo, akamkuta mwanawe amelala kimya kama kawaida yake, akamnyanyua na kumtikisa mpaka akalia kwa ile sauti yake nzito. Ndipo na yeye akalia.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya uwanja ameshika baiskeli, hajui afanye nini. "Jamani, ni ubao," alikuwa anasema. "Ni ubao tu, wa kupimia watoto. Tazameni." Akavuta shuka ili waone. Mzee wa watu, ndipo alipoharibu kabisa. Likaonekana sanduku dogo linalong'aa, halina kifuniko.

Nesi alipokuja siku ya kliniki hakuna aliyekubali kumlaza mwanawe humo. Nilijaribu kueleza, nikabembeleza, nikachoka, nikafoka. Nikawaambia, "Mnaogopa mbao! Mbao hizi hizi mnazolalia kila siku!" Mama mmoja akanijibu, "Mwalimu, sisi hatukukatazi kupima. Ila humo, walaze wa Mbeya kwanza." Wakacheka kidogo, kwa uchungu. Yule binti hakucheka. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka, na kesho yake hakumleta.

Fundi alisikia. Akaja mwenyewe na nyundo, akang'oa zile kingo mbili, akaukwangua ule ubao mpaka vanishi ikaisha. Alifanya kazi akiwa amenipa mgongo. "Mimi nilitaka wasidondoke," alisema. Nikamwambia, "Najua, fundi." Akanywa uji akaenda. Ubao ukabaki stoo, wapishi wakawa wanapangia vikombe juu yake.

Mtoto hakuletwa siku kadhaa, nikafunga safari kwenda kwao, juu kidogo ya barabara, kwenye mashamba ya nyanya. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilimkuta binti amekaa mlangoni anachambua maharage, bibi yuko kwenye kigoda, mtoto amelala kwenye mkeka kati yao. Wakanikaribisha, wakanipa maji ya kunywa, wakaniuliza habari za watoto. Kwa ukarimu ule maneno yangu ya ugomvi yakaniishia.

Bibi ndiye aliyenieleza. Mimi mgeni, nilikuwa sijui. Kule kwao mtu akifariki fundi haji na futi wala kamba. Anakata ufito porini, anaingia ndani, anauweka ubavuni kwa marehemu, anauvunja pale nyayo zinapoishia. Anaondoka nao kwenda kupasua mbao kwa kipimo hicho, na siku ya kuzika ule ufito unazikwa pamoja na jeneza, haubaki juu ya ardhi hata kipande. Mtu aliyelala hapimwi urefu akiwa hai. Ukimpima unamwitia fundi.

"Yule wa kwanza," binti akasema, bila kuinua macho kwenye maharage, "ufito wake ulikuwa mfupi hivi." Akaonyesha kwa viganja viwili. "Fundi aliuvunja nikausikia. Ulilia kah. Sasa mnaniambia nimlaze huyu kwenye mbao, fundi yule yule."

 Machozi yalikuwa yananitoka, nami si mtu wa kulia ovyo mbele za watu. Mwishoni nikawaambia kweli yote niliyokuwa nayo: kwamba mimi sitaki kumpima kwa kupenda kupima. Kwamba mkunjo wa sweta uko pale pale. Kwamba wenzake wanasimama na yeye hakai. Kwamba naogopa.

Bibi aliinama akaugusa mguu wa mtoto pale mkekani. Halafu akasema, "Mbona fundi wa nguo anapima watu kila siku na hawafi?"

"Ndiyo, bibi."

"Fundi cherehani anapima aliye hai. Amebebwa, amesimama, anacheka. Mpime kama wa nguo. Apakatwe na mama yake."

Alisimama, akaingia ndani, akarudi na kitenge chake cha zamani, akachana pindo lake ukanda mrefu mwembamba, krrr, mpaka mwisho. Binti akampakata mwanawe kwenye mapaja, mguu umenyooka, nami nikashika ncha ya ukanda utosini, nikaunyoosha mgongoni mpaka kisiginoni. Pale kwenye kisigino binti akafunga fundo mwenyewe, akalikaza kwa meno. Tukakubaliana ukanda ukae kwake, na kila kliniki tupime tena. Mtoto akarudishwa chumba cha wadogo.

Nesi alipoona ukanda alicheka, halafu akaacha kucheka. Alisema kitambaa kinavutika, hawezi kukiandika kwenye kadi, lakini kwa kumwonyesha mama kinatosha. Alichukua ule ukanda, hakumchukua mtoto, akaunyoosha juu ya ubao, akasoma. Hakuniambia ni ngapi mbele ya watu. Aliniambia tu kwa sauti ya chini kwamba hicho ni kimo cha mtoto wa nusu ya umri wake.

Habari ya ukanda ilisambaa. Kina mama waliokataa ubao wakaanza kuchana mapindo ya vitenge vyao na kufunga fundo la kwanza nyumbani, maana kuchana pindo hakumwiti fundi yeyote. Kliniki iliyofuata kila mtu alikuja na wake, wa maua, wa madoadoa, wa bluu, na ikawa kama sherehe. Walipakata, wakanyoosha, wakafunga fundo la pili. "Wangu amepita kidole kizima!" "Wangu vidole viwili, ona, ona, anakwenda kwa baba yake huyu, mlingoti!" Mimi nilikuwa namtafuta yule binti kwa macho.

Alikuwa ameketi pembeni kwenye ngazi ya stoo pamoja na bibi wa mtoto. Alikuwa amempima, akampima tena, akabadilisha mguu akampima mara nyingine. Akanyanyua uso akaniita. "Mwalimu, njoo ushike wewe. Labda mimi nakosea." Nikashika. Nikaunyoosha ukanda taratibu, naomba moyoni kwa Kinyakyusa changu chote. Kisigino kilifika kwenye lile fundo la kwanza, juu yake kabisa. Hapakuwa na nafasi ya kufunga la pili.

"Fundo halijasogea," alisema.

"Halijasogea, mdogo wangu."

Bibi alishika mdomo. Nyuma yetu wenzake walikuwa bado wanashangilia, mmoja akageuka, akaona nyuso zetu, akamgusa mwenzake, na kelele zikaisha moja moja mpaka uwanja ukanyamaza.

Binti alisimama na mtoto wake akaingia stoo. Nikamfuata. Alimbeba kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaanza kuondoa vikombe juu ya ule ubao, kimoja kimoja, akiviweka chini. Nilitaka kumsaidia, akanizuia. Akaupangusa kwa kitenge chake. Akautoa nje mwenyewe, akauweka chini kwenye jua mbele ya nesi na watu wote.

"Mpimeni vizuri," alisema. "Huko hospitali wasije wakasema ni kitambaa."

Akamlaza. Akapiga magoti upande wa kichwa, akamshika mwanawe masikioni kwa viganja viwili kama nesi alivyomwelekeza, uso wake juu ya uso wa mtoto, karibu kabisa, ili mtoto asione kingine ila yeye. Alikuwa anamwambia maneno kwa Kihehe, siyajui yote. Nesi akasogeza kile kibao mpaka nyayoni. Kilipogusa, yule binti alifumba macho. Fundi alikuwa amesimama getini, sijui nani alimwita, amevua kofia, kisha akakumbuka kwamba si msiba, akaivaa haraka haraka.

Iringa mjini walimwangalia wakatuelekeza Mbeya. Nilikwenda nao, mimi na binti na mtoto, tukafikia kwa dada yangu Uyole. Damu ikatolewa, tukasubiri majibu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, akavuta kiti akakaa karibu na binti badala ya kukaa nyuma ya meza. Alisema tezi ya shingoni ya mtoto huyu haifanyi kazi, wapo wanaozaliwa hivyo. Tezi hiyo ndiyo inayoamsha mwili ukue na akili ikue. Ndiyo maana ni wa baridi, ndiyo maana sauti ni nzito, ndiyo maana analala, ndiyo maana ametulia. Dawa ipo, kidonge kila asubuhi, maisha yake yote.

"Ni mimi?" binti akauliza. "Kuna kitu nilikula?"

"Hapana, mama. Si wewe."

"Atapona?"

 Daktari alisema mwili utakua, wataona wenyewe, mapema tu. Kuhusu akili, ingekuwa vizuri kuanza dawa katika wiki zake za kwanza. Miezi iliyopita ina hasara yake, na yeye hawezi kuahidi itarudi kiasi gani. Atachelewa kuongea. Huenda shule ikamwia ngumu. Tuanze leo, alisema, tusipoteze kesho.

Binti aliitikia kwa kichwa. Alimpokea mtoto, akamfunika, akamweka sawa begani. Tulikuwa tumeshafika mlangoni aliporudi nyuma.

"Daktari, nilikuwa na mwingine. Wa kiume. Na yeye alikuwa hasumbui."

Daktari alimtazama. "Siwezi kujua, mama," alisema. "Ningekudanganya." Tukatoka. Kwenye korido binti alikaa kwenye benchi, na hapo ndipo alipomlilia yule wa kwanza, kwa sauti, mbele ya wagonjwa, nami nimemshika, na hakuna aliyetuambia tunyamaze.

Mimi nilikuwa na hasira siku zile, na sijui nilimkasirikia nani. Nilikasirikia mashavu yale yaliyotudanganya. Nilikasirikia midomo yetu iliyosifu, na wangu ulikuwa mmojawapo. Siku hizi mama akiniletea kichanga akaniambia hasumbui, namwangalia huyo kichanga kichwani mpaka miguuni, namgusa viganja, napiga makofi karibu na sikio lake nione kama atashtuka. Wenzangu wananisema natafuta ugonjwa. Waache waseme. Na kupima tunapima wote, kwa ukanda kwanza nyumbani kwao, kisha ubao kwa anayekubali, na wengi sasa wanakubali, mradi mama ndiye amlaze mwenyewe na amshike kichwa.

Kidonge kilianza kazi. Ulimi uliingia ndani. Viganja vikapata joto. Kliniki baada ya kliniki binti alifunga fundo la pili, la tatu, mpaka ukanda ukawa na mafundo kama rozari ya jirani yetu Mkatoliki, na mikono ya sweta la njano ikakunjuliwa. Lakini alikaa kwa kuchelewa, akasimama kwa kuchelewa sana, na maneno yalikuja machache, mengine hayakuja. Wenzake aliokuja nao wamekwenda darasa la mbele. Yeye bado yuko kwangu, pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, na tunapoimba yeye anafika kwenye mstari wakati sisi tumeshauacha. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyo, na sipendi wanaosimulia kana kwamba dawa ilifuta kila kitu.

Mwaka huu wakati wa kipupwe, siku moja hivi, alikuwa mkorofi tangu asubuhi. Mwenzake alichukua kikombe chake cha bluu. Alikivuta, mwenzake akakataa, yeye akamng'ata. Uji ukamwagika mkeka mzima. Nilipomkemea alinitazama usoni, akapiga mguu chini, akasema "Sitaki!" kwa sauti kali, nyembamba, iliyofika jikoni. Saa ya kulala akakataa kulala. Aliimba peke yake nusu ya wimbo mpaka akawaamsha wote. Kufika jioni nilikuwa hoi, kilemba kimenifunguka, uji umekaukia kwenye sketi yangu.

Mama yake akaja kutoka barabarani, beseni tupu kwapani, anahema. Akauliza kama anavyouliza kila siku, kwa mazoea tu, huku akitafuta viatu vya mwanawe.

"Leo amesumbua?"

"Amesumbua!" nikasema. "Amemng'ata mwenzake, amemwaga uji wote, amekataa kulala, na mimi kaniambia hataki. Amesumbua mno huyu mtoto, sijapumua toka asubuhi!"

Aliacha kutafuta viatu. Alikaa pale pale kwenye ngazi ya stoo, akaweka beseni chini, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanatikisika.

"Sema tena, mwalimu," aliniambia kutoka ndani ya kitenge.

Nikakaa karibu yake, nikamwambia tena yote, tangu kikombe cha bluu.